Mawe Meupe ya Afande Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika uji na kuamkiana asubuhi kabla ya kugombana mchana, kulikuwa na mji uitwao Majani Mengi. Na mji huo, watoto, ulikuwa na kituo cha polisi.

Kituo kilikuwa safi! Loo! Ungeweza kumwaga wali sakafuni ukaula. Mle ndani askari hawakufanya kazi yoyote, sasa kingechafuka na nini?

Mkuu wa kituo alikuwa Afande Nyati, mnene wa shingo, mwenye pembe zilizopakwa mafuta zikang'aa. Chini yake alikuwa Koplo Ngiri, aliyekuwa na kirungu kipya na kalamu iliyokwisha wino tangu mvua za mwaka juzi.

Mbele ya kituo ulisimama mlingoti wa bendera, na chini ya mlingoti kulikuwa na bustani isiyo na ua hata moja. Badala ya maua, Afande alikuwa amepanga vijiwe vya mviringo, kila kimoja sawa na yai, akavipaka chokaa. Ukisimama mbali kidogo, uliona vijiwe vile vimeandika maneno haya: TUKO HAPA KWA AJILI YENU. Kila Jumamosi vilipakwa upya. Wenye mji walipita, wakasoma, wakaguna, wakaenda zao.

Basi kulikuwa na sheria. Bendera ikipanda asubuhi, na ikishuka jioni, Koplo Ngiri alipuliza filimbi: Prrriiiii! Hapo kila mnyama husimama alipo. Mwenye tonge hasogezi taya. Mwenye mguu juu haushushi. Mpaka filimbi ya pili.

Hilo peke yake halikuwa na ubaya. Kusimama kidogo hakumuui mtu. Lakini Afande Nyati alikuwa akiivuta kamba polepole kama anayeteka maji kwenye kisima kirefu, akisita hapa, akitoa kifua pale, ili mji mzima upate nafasi ya kumtazama. Chai iliyomiminwa filimbi ya kwanza, ilinywewa baridi filimbi ya pili.

Mji mzima waliichoka sheria ile, isipokuwa mmoja. Kenge.

Kenge alikaa kwenye matete kando ya kijito. Alikuwa mrefu kama gogo, mwenye mkia wa kuvunjia mlango na ulimi usiotulia. Filimbi ilipolia na mji wote ukasimama, yeye alitoka kwenda sokoni. Soko lake lilikuwa viota vya majirani.

Sasa njooni kwa Sange.

Sange ni mnyama mdogo. Ukimweka kiganjani anapata nafasi ya kugeuka. Ana pua ndefu isiyokubali kupitwa na jambo, na miguu ya haraka hata huoni inapokanyaga. Sange huyu alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kufagia. Chini ya nyasi za Majani Mengi alikuwa na vijia vyake, vyembamba, vinyoofu, vimefagiwa mpaka mchanga unatoa mwanga. Kimoja kilikwenda kisimani, kingine sokoni, kingine mpaka nyuma ya mlingoti wa Afande. Takataka zote alizilundika nyuma ya nyumba, lundo kubwa la majani lililooza likatoa joto kama chungu kilichoepuliwa.

Akifurahi, Sange alifagia. Akikasirika, alifagia zaidi.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Kanga, na Kanga alikuwa anaatamia mayai kumi na mawili. Mwaka uliopita hakuangua hata moja. Mwaka wa kabla yake, hata moja. Safari hii alikuwa amebakiza siku mbili tu.

"Shoga," alimwambia Sange jioni ile, "leo nimeweka sikio. Wanagonga! Wanagonga ndani!"

"Wee! Wamekurithi. Hawajatoka wanaanza kelele."

Wakacheka. Wakiwa bado wanacheka, filimbi ikalia.

Prrriiiii!

Sange akaganda na ufagio juu. Kanga akaganda hatua tatu kutoka kwenye kiota, alikokuwa amekwenda kunywa maji. Na nyasi zikaachana taratibu, akatoka Kenge, bila haraka, kama mwenye nyumba anayerudi kwake.

"Hamjambo majirani?" akasema. "Msijibu, jamani. Msije mkafungwa."

Akainama kiotani. Gulu! Yai moja. Hakutafuna wala hakuonja. Kenge humeza kama anayetia barua kwenye sanduku. Gulu! La pili. Akampita Sange, akampapasa pua kwa ulimi. "Bi Sange, hapa hujafagia vizuri." Gulu! La tatu. Gulu! La nne.

Macho ya Kanga yalikwenda kwenye mayai, yakaenda kwenye bendera. Bendera ilikuwa haijafika hata katikati ya mlingoti.

Gulu! La tano.

"Mwizi!" Kanga akapasua. "Mwizi! Mwiziii! Kekeke! Mwiziii!"

Akamrukia, akamdonoa mgongo, akamdonoa jicho. Kenge akaruka kando, akacheua. "Haya mama, nimeshiba. Yaliyobaki ni ya kesho, saa hizi hizi." Akaondoka akikata barabara ya kituo, na Kanga nyuma yake, mbawa wazi, akipiga kelele mpaka mbele ya mlingoti wenyewe.

Prrrii! Filimbi ya pili.

"Wewe!" Koplo Ngiri akamkamata Kanga bawa. "Unakimbia bendera ikishuka?"

"Mwizi, Afande! Amekula wanangu! Yule pale! Mkia wake ule unaonekana!"

Koplo akageuza shingo. Mkia ulikuwa unaingia kwenye matete, taratibu kabisa.

"Yule anatembea," akasema Koplo. "Na bendera imeshashuka, ana ruhusa ya kutembea. Wewe ndiye niliyekuona ukikimbia. Twende."

Wakamfungia.

Sange hakuhitaji kusimuliwa. Alikwenda kwa kijia chake cha kisirisiri akatokea kituoni, akapanda juu ya kaunta, maana ukiwa chini ya kaunta ile huonekani.

"Shikamoo, Afande."

"Marhaba. Umefuta miguu?" akauliza Afande Nyati.

"Nimefuta. Nimekuja kutoa taarifa ya wizi. Kenge ameiba mayai matano ya Kanga."

Koplo Ngiri akafungua kitabu kikubwa. Akalamba kalamu. Akafunga kitabu.

"Mayai hayo yana majina?"

"Yai lina jina gani, baba? Halijaanguliwa."

"Basi nitaandika nani ameibwa? Haya, mtuhumiwa umemleta?"

"Nimlete mimi?" Sange akajitazama, akajipima kwa macho toka pua mpaka mkia. "Mimi hivi nilivyo, nimbebe Kenge?"

"Bi Sange," Afande akaingilia, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga vifungo, "watu wanatuletea taarifa nusunusu. Mwizi hawamleti, halafu wanasema polisi hawafanyi kazi. Na isitoshe, mayai si jambo la kituo. Mayai ni mambo ya nyumbani, mambo ya majirani. Zungumzeni, myamalize."

"Tukazungumze na Kenge?"

"Kwa adabu."

Sange akahisi mkono unautafuta ufagio. Akajizuia.

"Na Kanga? Ana mayai saba yamebaki, Afande. Yakikaa bila mama yanakufa. Mtamtoa lini?"

"Yule kosa lake ni zito. Bendera! Atakaa mwezi. Labda tupate mhalifu mkubwa kuliko yeye, hapo itabidi tumtoe, maana chumba cha mahabusu ni kimoja."

"Lakini naona milango mitatu."

"Cha pili kina chokaa," akasema Koplo. "Cha tatu kina brashi."

"Aa. Na mhalifu mkubwa kuliko Kanga ni yupi?"

"Anayegusa mali ya kituo."

"Hata mkigusiwa jiwe moja pale bustanini?"

Koplo Ngiri akajishika kifua. "Usitamke maneno hayo humu ndani, mama!"

"Nisamehe," akasema Sange. Akawaaga vizuri. Akashuka kwenye kaunta.

Akazunguka nyuma, kwenye kidirisha cha mahabusu. Kanga alikuwa kapachika kichwa kati ya nondo, hana sauti tena.

"Shoga, watapoa," alinong'ona. "Wanangu watapoa."

"Nisikilize. Lundo langu la majani lina joto. Likifaa, nitawafukia humo."

Kanga akainua kichwa. "Usifukie sana. Weka mkono kwanza; ukiweza kuuacha bila kuutoa, ndio joto lao. Na uwageuze, Sange. Uwageuze mara kwa mara, wasilalie upande mmoja."

"Nitawageuza."

"Na Kenge? Amesema atarudi kesho."

"Namtaka arudi," akasema Sange. "Akichelewa nitamtumia mtu akamwite."

Kabla giza halijashika, mayai saba yalikuwa yamekwishabingirishwa mpaka kwenye lundo, moja moja, kwa pua, kwenye kijia kilichofagiwa kisicho hata na kijiti cha kuyakwaruza. Kiota cha Kanga kikabaki kitupu.

Asubuhi, jua likichomoza, Koplo akapuliza. Prrriiiii! Mji ukaganda. Afande Nyati akashika kamba, kidevu juu, macho juu. Koplo akapiga saluti, kidevu juu, macho juu. Hiyo ndiyo ilikuwa amri: bendera ikiwa inapanda, askari hatazami chini hata nyoka akipita kati ya miguu yake.

Sange alikuwa amejificha mwisho wa kijia, nyuma ya mlingoti.

Alitoka. Akalishika jiwe la mwisho la neno la mwisho. Akalisukuma kwa pua, bingiri bingiri, likaingia kijiani kimya, halikugonga kitu. Akarudi. Jiwe la pili. Akapita katikati ya buti za Koplo, buti zilizong'aa hata akajiona pua yake humo. Jiwe la tatu, la nne. Miguu yake ilikuwa inavunja sheria ya mji kwa kila hatua, na kila hatua alikuwa akisema moyoni: Kamateni. Nipo hapa. Mimi ndiye mwizi, niko mbele ya pua zenu, kamateni!

La tano, la sita, la saba. Bendera ilikuwa bado haijafika juu.

Huko nyumbani alichukua udongo wa kijitoni, akayapaka mawe yale rangi ya mayai ya Kanga, akayachorea madoa kwa ncha ya kijiti, akayalaza kiotani, akatupia manyoya mawili. Kisha akaenda kuwageuza watoto wa mwenziwe.

Saa moja baadaye mji ukasikia ukelele. Si wa mwizi. Ulikuwa wa Afande Nyati.

"MOOOO! Mawe! Mawe yangu!"

Basi watoto, hapo ndipo Majani Mengi walipojua kwamba wana polisi. Kumbe walikuwapo! Kumbe wana mbio! Askari wengine waliokuwa hawajaonekana tangu kuajiriwa walitoka nyuma ya kituo wakifunga mikanda. Punda akapewa filimbi, Nungunungu akapewa barabara ya kuziba. Wakafungua kitabu kikubwa, na kalamu ikapatikana yenye wino! Nyumba kwa nyumba: Bam! Bam! Bam! "Fungua! Polisi!" Wakamwaga unga wa Kwale chini. Wakamwamsha Bundi, aliyekuwa ndiyo kwanza anapata usingizi, wakamuuliza alikuwa wapi jua likichomoza. Wakamkuta Kobe wakamwambia atoke ndani ya nyumba yake waipekue.

Bata, aliyeibwa mayai miaka mitatu mfululizo, alisimama mlangoni akiwatazama wakipita mbio.

"Mimi nilipokuja kwenu," akamwambia Punda, "mliniambia buti zote zimekwenda kushonwa."

"Hili ni jambo zito, mama," akajibu Punda.

Mahali pamoja tu hawakufika: kwa Kenge. Kule kwenye matete kulikuwa na tope, na buti zilikuwa zimetiwa rangi asubuhi hiyo.

Mchana Koplo Ngiri akafika kwa Kanga. Sange alikuwa mlangoni, anafagia. Alifagia pale pale alipokuwa amekwisha kufagia, maana kiota kilikuwa hatua tatu nyuma yake, na udongo wa mawe mengine ulikuwa haujakauka sawasawa.

"Pisha, Bi Sange. Msako."

"Karibu, Koplo. Msako wa nini?"

"Mawe saba. Ya mviringo. Saizi ya..." Koplo akatafuta mfano, akaukuta kiotani. "Saizi ya haya haya hapa."

Akainama. Pua yake ikakaribia. Sange akaushika ufagio kwa mikono miwili.

Koplo akanyanyuka, akajifuta mikono.

"Mayai tu," akasema. "Hayatuhusu."

Akaenda zake.

Sange alitakiwa afurahi, mtego wake umepita. Hakufurahi. Alifagia. Alifagia mlango, akafagia uwanja, akafagia mpaka ufagio ukabaki mshikio, akautupa, akachukua mwingine.

Jioni ikafika. Mji umechoka, unga umemwagika, askari hoi. Koplo akapuliza filimbi kwa pumzi iliyobaki. Prrriiiii! Mji ukaganda. Nyasi zikaachana.

"Hamjambo?" akasema Kenge. "Nasikia leo mmetembelewa. Poleni. Eti mawe! Mji huu utaniua kwa kicheko."

Akachungulia kiotani.

"Saba! Ahadi ni ahadi." Gulu! Akasita kidogo. "Yamekomaa. Leo au kesho yangeanguliwa, ndiyo maana ni mazito." Gulu! "Mazito ndiyo matamu." Gulu! Gulu! Akamkonyeza Sange. "Mbona unanitazama hivyo, bibi? Sema basi! Aa, nilisahau, huna ruhusa." Gulu! Gulu! Na la saba, kwa kulazimisha, akinyoosha shingo juu kama kuku anayekunywa: guuulu.

Akageuka aondoke.

KOKOTO!

Akasimama. Akajitazama tumbo. Tumbo lilikuwa limefika chini. Akapiga hatua.

Kokoto! Kokoto!

Akajaribu kuingia penye upenyo wake wa siku zote kati ya nyasi. Kichwa kikapita, mikono ikapita, tumbo likagoma. Akarudi kinyumenyume. Hakukubaki njia isipokuwa barabara kubwa, barabara ya kituo.

Mji mzima ulikuwa kimya, watoto. Hakuna taya iliyotembea wala ubawa uliotikisika. Hata upepo ulikuwa kama umesikia filimbi. Na katikati ya kimya hicho, barabarani, mbele ya bendera:

Kokoto, kokoto. Kokoto, kokoto.

Sikio la Afande Nyati likatikisika. Macho yake yako juu, amri ni amri, lakini shingo ikavimba. Akavuta kamba haraka. Mara ya kwanza katika maisha yake akavuta haraka! Bendera ikaanguka chini kama leso iliyoanikwa vibaya.

Prrrii!

"NANI?" akanguruma. "Nani anapiga kelele wakati wa bendera?"

Kenge akataka kukimbia. Kokoto-kokoto-kokoto! Hakufika mbali. Koplo Ngiri akamkanyaga mkia kwa buti lote, na Kenge akafungua mdomo kupiga ukelele, lakini ukelele haukutoka. Lilitoka jiwe. Hooop! Likadunda, likabingirika, likasimama mbele ya miguu ya Afande, udongo wote umeoshwa na maji ya tumboni. Jeupe, safi, kama Jumamosi.

Afande Nyati akaliokota kwa mikono miwili.

"Jiwe letu," akasema.

"Jiwe?" Kenge akalitazama kwa macho yaliyomtoka. "Jiwe! Hapana! Hapana, Afande, subiri! Mimi sikuiba mawe! Mimi nilikuwa naiba mayai!"

Mji uliokuwa umeanza kusogea ukasimama tena, na safari hii bila filimbi.

"Usijitetee kwa uongo," akasema Afande.

"Si uongo! Mimi ni mwizi wa mayai, kila mtu ananijua! Jana nimekula matano ya Kanga. Nimekula ya Kwale. Nimekula ya Bata miaka mitatu! Bata, mama yangu, sema kweli ya Mungu, nimekuibia, sikukuibia?"

Bata akasogea mbele. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Umeniibia. Ishirini na sita. Nilikuja hapa hapa kusema kila mara."

"Mnaona!" akapiga kelele Kenge, amefurahi kupata shahidi. "Kwale, na wewe sema! Jamani, mnishuhudie, mimi ni mwizi wa mayai!"

"Ni mwizi wa mayai!" wakapaza sauti Kwale, na Njiwa, na Korongo, na mji mzima. "Ni mwizi wa mayai!"

"Kimya!" Afande akapiga kwato chini. "Koplo, andika. Mtuhumiwa anajaribu kuipotosha polisi kwa kujisingizia makosa madogo."

Kalamu ikaandika vizuri sana.

Sange alikuwa amepanda juu ya jiwe kubwa la pembeni ili aonekane.

"Afande," akasema. "Huyo amekiri. Mbele yako. Amekiri kuwala watoto wetu."

"Bi Sange, tusichanganye mambo. Leo tunashughulika na mawe."

"Na kesho mtashughulika na nini?"

Afande Nyati akafikiri kwa dhati. "Kesho," akasema, "itabidi tupake chokaa."

Hakuna aliyecheka. Hata wale wanaocheka kila kitu.

Wakamburuta Kenge mpaka mahabusu, kokoto, kokoto. Koplo akafungua mlango, akakuta mna Kanga.

"Wewe! Toka upesi. Chumba kinatakiwa na mhalifu wa kweli."

Kanga hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipita juu ya kofia ya Koplo, akapita juu ya mlingoti, hakutua mpaka kwenye lundo la majani. Akafukua kwa miguu, chakurachakura, huku Sange akimkimbilia nyuma.

"Niliwageuza, shoga! Niliwageuza wote!"

Kanga akalaza sikio. Akakaa hivyo mpaka Sange akadhani hatanyanyuka tena.

"Wanagonga," akasema. Akalia.

Sasa Kenge alikuwa hawezi kuachiwa, maana vielelezo sita vilikuwa tumboni mwake, na wala havikuwa na haraka ya kutoka. Akakaa mule chumbani, cha pili chokaa, cha tatu brashi.

Jioni iliyofuata Koplo Ngiri akajaza kifua, akapuliza. Prrriiiii!

Bata akapita na ndoo ya maji. Kwale akapita anachota unga wake uliomwagika. Njiwa wakaruka. Korongo akavuka barabara kwa hatua zake ndefu, akienda kumpokea Bata zamu ya kulinda kiota, maana walikuwa wamekwisha kugawana zamu, nyumba kwa nyumba. Sange akapita mbele kabisa ya mlingoti, anafagia.

"Simameni!" akanguruma Afande. "Bendera! Simameni!"

"Tuna kazi, Afande," akasema Bata, hata hakugeuka.

"Koplo! Kamata!"

"Nimkamate nani, Afande?"

"Wote!"

Koplo akautazama mji. Akautazama mlango wa mahabusu. Ndani kukasikika mtu akigeuka upande wa pili: kokoto.

"Tuwaweke wapi, Afande?"

Afande Nyati akabaki ameshika kamba, bendera imefika nusu. Na kule nyuma ya nyumba ya Sange, katika kelele za watu wanaoendelea na shughuli zao, yai la kwanza likapasuka, ta!

Likapasuka na la pili. Yakapasuka yote saba.

Haikupita mwezi, mtu asiyejulikana akaiba pipa la chokaa. Afande Nyati akaenda nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, anaomba aliyeona aseme. Bata hakuona. Kwale hakuona. Akafika kwa Sange, akainama mpaka chini, kwa sababu safari hii ni yeye aliyehitaji kuonekana.

"Bi Sange, wewe huwa unaona kila kitu. Tumeibiwa pipa."

Sange akaendelea kufagia. Vifaranga saba walikuwa wanakimbizana kwenye mchanga wake, wanamchafulia, na yeye amewaacha.

"Pole, Afande," akasema. "Hilo pipa lina jina?"

Afande akaizungusha kofia mkononi.

"Na mtuhumiwa," akasema Sange, "umemleta?"

Hadithi yangu nimeifagia mpaka hapa, watoto, na funzo lake ni hili: mlinzi anayeyatunza mawe akayaacha mayai, siku atakapoibiwa yeye atabaki na mawe yake, asipate hata jirani mmoja wa kumwambia alichokiona.